Miaka 12 ya Shamba la Marehemu

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa Mafinga, wilayani Mufindi, mbele ya wazee wa koo, wajumbe wa mabaraza ya kata na wananchi)

Waheshimiwa madiwani na wenyeviti wa vijiji mliopo, wazee wetu wa koo, wajumbe wa mabaraza, mama zangu, ndugu zangu wananchi, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie migogoro ya hati za ardhi miongoni mwa warithi. Somo hilo ni pana, na tukilifuata lote jua litatuzamia hapa hapa. Kwa hiyo nimechagua sehemu yake moja ambayo, katika kazi yangu ya uwakili kwenye mahakama na mabaraza ya Nyanda za Juu Kusini, nimeiona ikiwanyang'anya watu ardhi kimyakimya kuliko hata wosia wa kughushi. Sehemu hiyo ni muda. Wapo warithi wengi ambao haki yao ilikuwa wazi, mashahidi walikuwa hai na mipaka ilijulikana na kijiji kizima, lakini walipofika barazani waliulizwa swali moja tu, yaani marehemu alifariki lini, na jibu lao wenyewe ndilo lililomaliza kesi.

Sheria ya Ukomo, ambayo ni Sura ya 89 ya sheria za nchi yetu na ilitungwa mwaka 1971, inampa miaka 12 mtu anayetaka kufungua shauri la kurejesha ardhi mikononi mwake. Wazee wanaoamini kwamba ardhi ya kimila iko nje ya hesabu hiyo wajue kwamba hata kanuni za mwaka 1964 zinazoweka ukomo wa madai ya kimila mahakamani zilitaja miaka hiyo hiyo 12 kwa anayedai milki ya ardhi. Nimesikia mara nyingi kwenye vikao vya ukoo ikisemwa kwamba shamba la baba haliendi popote. Shamba kweli haliendi popote. Kinachokwisha ni nafasi ya kulidai mbele ya hakimu.

Sasa, miaka hiyo inaanza kuhesabiwa lini? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mmoja atasema inaanza siku alipoteuliwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa kabla ya hapo hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kudai. Mwingine atasema inaanza siku kaka mkubwa alipokataa waziwazi kugawa. Sheria inasema vingine. Kifungu cha 9 kinaeleza kwamba, ikiwa marehemu alikuwa akiimiliki na kuikalia ardhi hiyo siku aliyofariki, haki ya kuidai inahesabiwa kuwa ilizaliwa siku hiyo ya kifo. Kisha kifungu cha 35 kinaongeza kwamba msimamizi wa mirathi anachukuliwa kama vile hapakuwa na pengo lolote kati ya siku ya kifo na siku alipopewa barua ya usimamizi. Maana yake ni kwamba ukoo ukikaa miaka 15 bila kumteua mtu, halafu ukamteua kijana msomi mwenye bidii na fomu zake zote zimekamilika, kijana huyo anaanza kazi akiwa tayari amechelewa miaka mitatu.

Na ikiwa marehemu alinyang'anywa shamba angali hai, hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu miaka ilianza kuhesabiwa siku aliponyang'anywa, na kifo chake hakiirudishi hesabu mwanzo. Mtu aliyeporwa shamba mwaka 2001 akafariki mwaka 2010 aliwaachia watoto wake miaka mitatu tu ya kulidai, hata kama wao wanadhani wana 12.

Niwape mfano wa kutunga, ili asije mtu akadhani namsema jirani yake. Mzee mmoja wa huku kwetu alifariki mwaka 2009 akaacha ekari 15, mjane na watoto watano. Baada ya arobaini, kikao cha ukoo kilisema mambo ya mali yazungumzwe mwakani, watu wakapumzike kwanza. Mwaka uliofuata mtoto wa kwanza akapanda misindano katika ekari kumi, na kwa kuwa wadogo zake walikuwa Dar es Salaam, Makambako na kwenye machimbo ya Chunya, hakuna aliyeona tatizo. Wengine hata walimshukuru kwa kutoacha shamba liwe pori. Mwaka 2024 wanunuzi wa mbao wakaingia na misumeno, fedha zikaonekana, na ndani ya mwezi mmoja ukoo ukafanya kikao ambacho ulikuwa haujakifanya kwa miaka 15. Msimamizi akateuliwa, akadai shamba, na kaka mkubwa akajibu kwamba shamba ni lake. Muda wa kulidai ulikuwa umekwisha mwaka 2021.

Nimeuchagua mfano wa miti kwa makusudi. Hapa Mufindi, kama ilivyo Kilolo na Njombe, zao letu kubwa linakaa ardhini muda mrefu kuliko muda tuliopewa na sheria kudai ardhi yenyewe. Msindano unaotafutiwa mbao nzuri huhitaji miaka 15 na zaidi. Mahindi ya Isimani humkumbusha mrithi kila msimu kwamba kuna mtu anavuna asichogawiwa, na mpunga wa Mbarali vivyo hivyo; miti haimkumbushi mtu. Inasimama tu, inakua, na mrithi aliye mbali anaridhika kwamba shamba la familia lipo na linapendeza, hadi siku ya kuvuna, ambayo mara nyingi huja baada ya mwaka wa 12. Upande wa Rungwe na Njombe parachichi nazo zimeleta jambo linalofanana na hilo kwa njia nyingine. Ardhi ambayo zamani watu waliiachia ndugu mmoja kwa sababu haikuwa na thamani sasa inatafutwa na makampuni, na warithi wanarudi kuidai kwa kasi ya bei ya soko. Binafsi sioni ubaya mtu kurudi kwa sababu ya fedha, kwa kuwa haki ni haki hata ikikumbukwa kwa tamaa. Ubaya ni kwamba sheria ya muda haikuandikwa kufuata bei ya parachichi.

Kuna jambo ambalo kaka mkubwa katika mfano wangu asilisahau pia, maana nisingependa mtoke hapa mkidhani kwamba kila aliyekaa miaka 12 juu ya shamba la urithi amekuwa mmiliki. Mahakama zetu, ikiwemo Mahakama ya Rufani, zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba mtu aliyeingia kwenye ardhi kwa kukaribishwa au kwa ridhaa ya mwenyewe hawezi kugeuka mmiliki kwa sababu tu amekaa muda mrefu, hata kama amejenga na kupanda miti. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo wakili mzuri wa warithi atauliza ni hili: huyu ndugu aliingiaje? Kama aliachiwa shamba na ukoo alitunze kwa niaba ya wote, basi ukaaji wake ulikuwa kwa niaba ya wote, na hesabu ya miaka 12 haimfai kama anavyodhani. Lakini hoja hiyo inahitaji ushahidi. Nani alikuwepo alipoachiwa? Kiliandikwa nini? Wazee wawili kati ya watatu waliokuwepo wamekwisha kufariki, wa tatu ni shemeji wa kaka mkubwa, na muhtasari wa kikao haukuandikwa kwa sababu watu waliona aibu kuandikiana karatasi msibani.

Ndiyo maana napenda nikae kidogo kwenye jambo la maandishi. Sheria hiyo hiyo ya Ukomo inasema kwamba ikiwa mtu anayekalia ardhi atakiri haki ya yule anayemdai, hesabu ya miaka inaanza upya kuanzia siku ya kukiri, mradi ukiri huo uwe wa maandishi na uwe umesainiwa naye. Turudi kwa familia yetu ya ekari 15. Kama mwaka 2016 wangekutana wakaandika muhtasari wa nusu ukurasa kwamba shamba la miti ni mali ya marehemu, kwamba mtoto wa kwanza analitunza kwa niaba ya wenzake na kwamba watagawana baada ya kuvuna, na mtoto wa kwanza akaweka sahihi yake au dole gumba lake, basi muda wao wa kudai ungefika mwaka 2028. Nusu ukurasa tu. Hauhitaji wakili, hauhitaji ada, na kwa maoni yangu ndio msaada mkubwa kuliko wote ambao wazee wa ukoo wanaweza kuwapa vijana wao. Iandikwe tarehe, yaandikwe majina ya waliokuwepo, utajwe mpaka wa shamba kwa alama zinazojulikana, asaini yule anayelikalia, na nakala zikae sehemu mbili. Aibu ya kuandikiana msibani ni ndogo kuliko aibu ya ndugu wa tumbo moja kuulizana maswali ya wakili mbele ya mwenyekiti wa baraza.

Kuna waliozoea kuniuliza kama mahakama haiwezi kuwahurumia. Kwa rufaa na kwa maombi ya kawaida mahakama inaweza kuongeza muda ikipewa sababu za kutosha, lakini kwa shauri jipya la kudai ardhi haina uwezo huo. Sheria inaamuru shauri lililofunguliwa nje ya muda litupiliwe mbali hata kama mdaiwa mwenyewe hakulalamikia muda. Hakimu hafanyi ukatili anapofanya hivyo, hana hiari. Uwezo wa kuongeza muda wa shauri amepewa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda uliowekwa, yaani miaka sita juu ya ile 12.

Yapo mazingira machache ambayo sheria yenyewe inayatazama kwa jicho jingine. Pale ambapo mrithi mmoja alificha mambo kwa ulaghai, mathalani alijiandikisha kuwa mrithi pekee akapata hati kisirisiri, muda huanza kuhesabiwa siku ulaghai ulipogunduliwa, au siku ambayo ungegunduliwa na mtu mwenye uangalifu wa kawaida. Angalieni sehemu hiyo ya pili. Kama shamba limepimwa, majina yamebandikwa kwenye ofisi ya kijiji, na wewe unaishi kilomita tatu kutoka hapo, itakuwa kazi kusema hukuweza kujua. Tena ulaghai huo hautumiki dhidi ya mnunuzi aliyelipa fedha halali bila kuhusika na udanganyifu. Mtoto aliye chini ya miaka 18 naye analindwa, kwa maana kwamba muda wa haki yake mwenyewe huhesabiwa baada ya kutimiza umri. Lakini pale ambapo mwenye jukumu la kudai mali ya marehemu alikuwa mtu mzima ambaye hakufanya lolote, nisingemshauri mtu ategemee utoto wa mdogo wake kama kinga.

Niseme jambo juu ya mabinti, kwa sababu muda unawaumiza wao kwa namna ya pekee. Tamko la Sheria za Kimila, lililochapishwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, liliwabana wanawake katika ardhi ya ukoo, na mpaka leo wapo wazee wanaolinukuu kana kwamba hakuna kilichotokea baada yake. Kimetokea. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alitoa hukumu kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa masharti yale yale ya mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke fursa ya kumiliki ardhi kihalali. Lakini mabinti wengi ninaowapokea hawakunyimwa kwa maneno makali. Waliambiwa wasubiri. Subiri mama apumzike, subiri kaka amalize nyumba, subiri baba mdogo arudi kutoka Kyela. Binti mwenye adabu husubiri, na ndugu zake wanamsifu kwa adabu hiyo mpaka mwaka wa 13. Wazee wangu, nawaomba kwa heshima kwamba mkimwambia binti asubiri, mwambieni hivyo kwa maandishi yaliyosainiwa na anayelima shamba, ili subira yake isimgharimu.

Baada ya hayo, tujue pia mlango wa kubisha. Familia nyingi hupoteza miaka miwili au mitatu kwa kufungua jambo sahihi mahali pasipohusika. Kama wote wanakubali kwamba shamba ni la marehemu na kinachogombewa ni nani apate kiasi gani, hilo ni suala la mirathi, na kwa mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu linaanzia Mahakama ya Mwanzo. Kama anayelikalia anasema shamba ni lake mwenyewe, alipewa au alinunua, hapo umezaliwa mgogoro wa ardhi, na anayepaswa kudai ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, wala si kila mrithi kwa jina lake. Mashauri mengi yamefutwa kwa sababu mtoto alidai shamba la baba kabla ya kuteuliwa na mtu yeyote. Aliyeshitaki kwa nia njema katika mahakama isiyo na mamlaka anaweza kuomba muda huo uondolewe kwenye hesabu, lakini atatakiwa kuonyesha kwamba kweli alikuwa na nia njema na bidii.

Mgogoro wa ardhi huanzia kwenye usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linatoa cheti ili mdai aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, mdai anaweza kwenda wilayani bila cheti hicho. Wajumbe wa mabaraza mliopo hapa mnalijua hili, lakini wananchi wengi bado wanakaa wakisubiri cheti kwa miezi, huku mwaka wa 12 ukiwa umebakiza wiki chache. Na asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku hizo nazo zina mwisho wake.

Kwa wasimamizi wa mirathi nina neno fupi lakini la moto. Barua ya usimamizi haimfanyi mtu kuwa mrithi mkuu wala mmiliki. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, na baada ya hapo atoe hesabu ya namna alivyogawa kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Mirathi zilizofunguliwa ili mtu apate fedha za benki au mafao, kisha zikaachwa wazi miaka kumi huku shamba likiwa halikutajwa kwenye orodha, ni nyingi mno, na shamba ambalo halikutajwa ndilo baadaye humfanya anayelikalia aseme kwamba hata msimamizi alijua si mali ya marehemu. Kwa ardhi yenye hati iliyosajiliwa, msimamizi apeleke barua yake kwa Msajili wa Hati ili jina lake liingizwe kwa niaba ya marehemu, kisha ahamishie kwa warithi. Kwa zile hati za hakimiliki ya kimila ambazo vijiji vyetu vingi vya Iringa na Mbeya vimepata miaka ya karibuni, msimamizi aanzie kwa Halmashauri ya Kijiji. Hati inayobaki na jina la marehemu kwa miaka 20 haimlindi mrithi yeyote. Inampa tu mtu mwenye haraka nafasi ya kuibadilisha mbele yao.

Wapo miongoni mwenu, nina hakika, ambao nimekuwa nikiwatajia mwaka na wao wakihesabu vidoleni wakakuta wamekwisha kupitwa. Kwenu nasema mambo mawili. Kwanza, msikimbilie kufungua kesi kwa hasira, kwa sababu shauri likitupiliwa mbali kwa kupitwa na muda hamtalifungua tena hapo hapo. Mwoneni kwanza mtu anayejua sheria aangalie kama anayelikalia shamba aliwahi kusaini karatasi yoyote, kama aliingia kwa ridhaa, kama kuna ulaghai uliogunduliwa karibuni, au kama kuna sababu nzito za kumwandikia Waziri. Pili, ukomo unakuzuia wewe kumlazimisha ndugu yako mahakamani, lakini haumzuii yeye kukugawia. Nimeshuhudia makubaliano ya familia, baada ya muda wote kwisha, ambapo aliyepanda miti alichukua miti na wenzake wakapata sehemu ya ardhi, yakaandikwa, yakasainiwa na kuthibitishwa kijijini. Mazungumzo hayo huenda vizuri zaidi kabla ya wanunuzi wa mbao kufika.

Wasiokuwa na uwezo wa kumlipa wakili wasikate tamaa, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na baadhi yao wamekaa pale nyuma karibu na mlango. Mkienda kwao, nendeni na cheti cha kifo. Asiyekuwa nacho aanzie RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa kukiomba, maana bila tarehe ya kifo inayothibitika hakuna mtu atakayeweza kuwaambia kama mna miaka mitano mkononi, au miezi mitano. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa niko tayari kwa maswali.